Mpaka wa Ireland na Hesabu ya Walio Wengi

Mpaka kati ya Jamhuri ya Ireland na Ireland Kaskazini, ambayo ni sehemu ya Uingereza, una urefu wa kilomita 500 hivi. Unaanzia mashariki kwenye ghuba ya Carlingford, unapinda kuelekea magharibi, kisha unapanda kaskazini hadi ghuba ya Foyle karibu na mji wa Derry. Mtu akiutazama kwenye ramani haoni mantiki yake. Haufuati safu ya milima wala mto mmoja mkubwa. Unakata mashamba, vinamasi, maziwa na vijiji. Kijiji cha Pettigo kina mto mdogo katikati, na mto huo ndio mpaka: ng'ambo moja ni kaunti ya Donegal katika Jamhuri, ng'ambo ya pili ni Fermanagh, chini ya mfalme wa Uingereza. Dereva anayetoka Clones kwenda Cavan huvuka mpaka mara nne katika mwendo mfupi, akaishia katika nchi ile ile aliyoanzia. Malin Head, ncha ya kaskazini kabisa ya kisiwa, imo katika nchi ambayo wenyeji huiita Kusini. Mwaka 2018 serikali mbili zilipohesabu njia zinazovuka mpaka huo zilikubaliana kuwa ni 208.

Mstari huo uliwekwa na sheria iliyopitishwa na Bunge la London mwaka 1920, ukaanza kutumika tarehe 3 Mei 1921. Sheria yenyewe iliuona kuwa ni jambo la kupita, maana iliweka baraza la pamoja la Kaskazini na Kusini ambalo siku moja lingeweza kuwa bunge la kisiwa kizima. Jambo hilo la kupita limetimiza miaka 100 na zaidi. Limeshuhudia vita vya miaka 30, na baada ya Waingereza kupiga kura ya kujitoa katika Umoja wa Ulaya mwaka 2016, likawa fundo lililomshinda waziri mkuu mmoja kulifungua, akamwachia mrithi wake madaraka. Chanzo cha ugumu huo ni hesabu: nani ni wengi, na ni wengi ndani ya eneo lililokatwa na nani.

Mizizi ya hesabu hiyo iko mwanzoni mwa karne ya 17. Mwaka 1607 Hugh O'Neill na Rory O'Donnell, watawala wa Kigaeli waliokuwa wamepigana na Malkia Elizabeth I wakashindwa, walipanda merikebu pamoja na jamaa zao wakakimbilia bara la Ulaya. Mfalme James wa Kwanza alitwaa ardhi yao na ya waliokuwa chini yao katika jimbo la Ulster, akaigawa kwa walowezi kutoka England na Uskoti. Vyama vya wafanyabiashara wa London vilipewa kaunti nzima kuiendeleza, vikajenga mji wenye ukuta ambao bado umesimama, na jina la London likatiwa mbele ya jina la zamani la Derry. Wakatoliki wengi hawajalikubali jina hilo hadi leo.

Kilichoitofautisha Ulster na maeneo mengine ya Ireland ni aina ya watu walioletwa. Kwingineko ukoloni ulileta wenye mashamba makubwa, familia chache zilizoishi katika majumba yao huku wapangaji wakibaki Wakatoliki. Ulster ilipokea wakulima wa kawaida, mafundi, wafumaji na wachungaji wa kanisa la Presibiteri, jamii nzima iliyohama na desturi zake. Antrim na Down, kaunti mbili zinazotazamana na Uskoti ng'ambo ya mlango mwembamba wa bahari, hazikuwamo hata katika mpango rasmi wa mfalme, lakini ndiko Waskoti walikomiminika kwa wingi zaidi. Jamii ya namna hiyo haiwezi kuondolewa kwa kununua mashamba au kubadili sheria, na Uingereza ililijua hilo ilipofika karne ya 20.

Karne hiyo ya 17 iliacha kumbukumbu mbili zisizokubaliana. Wakatoliki wanakumbuka kunyang'anywa ardhi, majeshi ya Oliver Cromwell ya 1649, na sheria zilizowazuia kushika vyeo, kununua ardhi na kuketi bungeni. Waprotestanti wanakumbuka mauaji ya walowezi katika uasi wa 1641, kuzingirwa kwa Derry kwa siku 105 mwaka 1689, na ushindi wa Mfalme William wa Orange kwenye mto Boyne mwaka uliofuata. Kila tarehe 12 Julai maelfu huandamana kwa ngoma na filimbi kuuadhimisha ushindi huo. Nchi chache zinaadhimisha vita vya miaka zaidi ya 300 iliyopita huku polisi wakisimama pembeni kulinda amani.

Tarehe 1 Januari 1801 Ireland iliunganishwa na Uingereza kuwa dola moja. Hatua hiyo ilikuja baada ya uasi wa 1798, ambao viongozi wake wengi, ajabu ya mambo, walikuwa Waprotestanti waliotaka jamhuri ya watu wa dini zote. Bunge la Dublin lilipiga kura ya kujivunja lenyewe, na vyeo vya kimwinyi pamoja na fedha zilizogawiwa kwa wabunge vilirahisisha uamuzi. Waziri mkuu, William Pitt, alikuwa amewapa Wakatoliki matumaini kwamba Muungano ungewafungulia milango ya bunge. Mfalme George wa Tatu alikataa, na haki hiyo haikupatikana hadi 1829. Kisha kati ya 1845 na 1852 ugonjwa wa viazi uliteketeza chakula cha maskini. Watu karibu milioni moja walikufa na wengine zaidi ya milioni moja walihama, huku shehena za nafaka na mifugo zikiendelea kutoka Ireland kwenda kuuzwa England. Kwa Wakatoliki wengi njaa hiyo iliimaliza hoja ya Muungano.

Kaskazini mashariki mambo yalikwenda kinyume. Belfast ilikua kwa viwanda vya kitani na ujenzi wa meli. Karakana ya Harland and Wolff ndiyo iliyounda Titanic, iliyoshushwa majini mwaka 1911. Makaa ya mawe yalitoka Uingereza, wateja walikuwa kote katika himaya, na mfanyabiashara wa Belfast alikuwa karibu zaidi na Glasgow na Liverpool kuliko na Cork. Dini na ardhi zilikuwa zimeshawagawa watu. Sasa uchumi nao ulivuta pande mbili.

Chama cha Liberal cha William Gladstone kilijaribu mara mbili kuipa Ireland serikali yake ya ndani ndani ya Muungano. Muswada wa 1886 ulianguka katika Baraza la Makabwela. Wa 1893 ulipita huko ukauawa na Baraza la Mamwinyi. Mwaka 1911 mamwinyi walinyang'anywa uwezo wa kuzuia sheria moja kwa moja, wakabaki na uwezo wa kuichelewesha tu, na muswada wa tatu uliowasilishwa 1912 ukawa na hakika ya kupita. Hapo ndipo Waprotestanti wa Ulster walipojipanga nje ya bunge. Kiongozi wao, Edward Carson, alikuwa wakili mzaliwa wa Dublin, na shabaha yake ya awali ilikuwa kuuzuia muswada wenyewe kwa ajili ya Ireland nzima. Mwenzake James Craig, tajiri wa Belfast, alikuwa na lengo finyu zaidi na la kweli zaidi: kuiokoa Ulster. Tarehe 28 Septemba 1912 watu karibu nusu milioni, wanaume na wanawake, walianza kutia saini ahadi ya kuipinga serikali ya Dublin, na wanaume waliahidi kutumia kila njia itakayohitajika. Mwaka uliofuata waliunda jeshi la kujitolea, na Aprili 1914 waliingiza kwa siri bunduki zipatazo 25,000 kutoka Ujerumani. Viongozi wa chama cha Conservative huko London waliwaunga mkono waziwazi. Utiifu kwa mfalme ulikuwa umefika mahali pa kutishia kupigana na serikali ya mfalme.

Vita Kuu ya Kwanza iliahirisha mgongano. Muswada ulitiwa saini Septemba 1914 na papo hapo utekelezaji wake ukasimamishwa. Kisha mwaka 1916 kila upande ulipata mashujaa wake waliokufa. Mwezi Aprili, wakati wa Pasaka, kikundi kidogo cha wanamapinduzi kilitangaza jamhuri mjini Dublin. Kilishindwa ndani ya wiki moja, na viongozi wake walipigwa risasi na jeshi. Miongoni mwa waliouawa alikuwamo Roger Casement, aliyekuwa balozi mdogo wa Uingereza ambaye ripoti yake ya 1904 ilifichua kwa ulimwengu ukatili wa utawala wa Mfalme Leopold wa Pili katika Kongo. Alikamatwa aliporudi Ireland kwa nyambizi ya Kijerumani, akanyongwa London mwezi Agosti. Tarehe 1 Julai, upande wa pili, kikosi cha 36 cha Ulster, ambacho wengi wake walitoka katika lile jeshi la kujitolea, kilipoteza takriban watu 2,000 waliokufa kwa siku moja kwenye vita vya Somme. Uchaguzi wa Desemba 1918 ulionyesha athari za mwaka huo: chama cha Sinn Féin, kilichotaka jamhuri, kilitwaa viti 73 kati ya 105 vya Ireland, kikakataa kwenda London, kikaanzisha bunge lake mjini Dublin. Vita vya msituni vilifuata hadi Julai 1921.

Katikati ya vita hivyo ndipo mpaka ulipochorwa. Ulster ya kihistoria ina kaunti tisa, na kamati ya mawaziri wa Uingereza ilipendekeza zote tisa ziingie Ireland Kaskazini. Craig na wenzake walikataa, na sababu yao haikuwa na aibu wala siri: katika kaunti tisa Waprotestanti walizidi nusu kidogo tu, kwa hiyo vifo vichache, uhamaji wa watu na uzazi vingeweza kuwaondolea bunge. Katika kaunti sita walikuwa karibu theluthi mbili. Donegal, Cavan na Monaghan zikaachwa, pamoja na maelfu ya Waprotestanti wa huko waliokuwa wametia saini ile ahadi ya 1912 wakiamini kwamba Ulster ni moja. Lakini Fermanagh na Tyrone, zenye Wakatoliki wengi kuliko Waprotestanti, zilichukuliwa, kwa kuwa kaunti nne pekee zingekuwa nchi ndogo mno. Eneo lilikatwa kwa kipimo kimoja: liwe kubwa kadiri iwezekanavyo bila kuhatarisha wingi wa upande mmoja.

Kaunti zenyewe zilikuwa mipaka ya kiutawala iliyowekwa na maofisa wa Kiingereza mwishoni mwa karne ya 16 na mwanzoni mwa ya 17 kwa ajili ya mahakama na kodi. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba mpaka kati ya Fermanagh na Monaghan, uliozunguka mashamba ya ukoo huu na ule, ungekuja kuwa mpaka wa kimataifa. Ndiyo maana dereva wa Clones huuvuka mara nne.

Mkataba uliosainiwa London tarehe 6 Desemba 1921 uliipa Ireland iliyobaki hadhi ya dola huru ndani ya himaya, sawa na Kanada. Michael Collins na wajumbe wenzake wa Ireland waliukubali kwa sababu, pamoja na mengine, ibara ya 12 iliahidi tume itakayorekebisha mpaka kufuatana na matakwa ya wakazi, kadiri hali ya uchumi na jiografia ingeruhusu. Walitarajia kwamba tume hiyo ingeirudisha Fermanagh, Tyrone na sehemu nyingine, na Kaskazini itakayobaki ingeshindwa kujiendesha. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka Kusini mwaka 1922 kati ya waliokubali mkataba na waliokataa. Collins aliuawa Agosti mwaka huo. Inafaa kukumbukwa kwamba ugomvi wao mkubwa ulikuwa juu ya kiapo cha utiifu kwa mfalme. Mpaka ulijadiliwa kidogo sana, kwa kuwa pande zote mbili ziliamini tume ingeumaliza.

Tume ilianza kazi 1924 chini ya jaji kutoka Afrika Kusini, Richard Feetham. Craig alikataa kuteua mjumbe, ikabidi London imteulie. Feetham aliisoma ibara ya 12 kwa macho ya mwanasheria: marekebisho madogo tu yaliruhusiwa, na uchumi uliweza kuyashinda matakwa ya wakazi. Novemba 1925 gazeti la Morning Post lilichapisha ramani iliyovuja. Ilionyesha kwamba Kusini ingepata kipande cha Armagh, lakini pia ingepoteza sehemu ya Donegal mashariki. Dublin ilishtuka, mjumbe wake Eoin MacNeill akajiuzulu, na tarehe 3 Desemba serikali tatu zilikubaliana kuuacha mpaka kama ulivyo. Badala yake dola mpya ilisamehewa sehemu yake ya deni la taifa la Uingereza. Ripoti ilifungiwa kabatini, ikachapishwa 1969 tu. Feetham mwenyewe alipelekwa mara moja kwenye kazi nyingine ya kuchora na kugawa: aliongoza tume ya serikali za mitaa nchini Kenya, ambayo ripoti yake ya 1927 iliweka msingi wa uendeshaji wa miji ya Nairobi na Mombasa wakati wa ukoloni. Himaya ilikuwa na mafundi wake wa mipaka, na hawakuwa wengi.

Vituo vya forodha vilikuwa vimeshafunguliwa tarehe 1 Aprili 1923, navyo vilifunguliwa na serikali ya Dublin, iliyotaka kukusanya ushuru wake yenyewe. Mstari wa siasa ukageuka kuwa mstari wa bei. Miji iliyokuwa masoko ya maeneo mapana, kama Derry na Clones, ilikatwa nusu ya wateja wake. Mwenye gari alipaswa kuwa na hati na kupita kwenye barabara zilizoidhinishwa tu, kwa saa zilizopangwa; baada ya hapo alikuwa mhalifu. Watu wa mpakani walijibu kwa magendo. Ng'ombe walivushwa usiku wakati wa vita vya ushuru vya miaka ya 1930, na wakati wa Vita Kuu ya Pili, Kusini ikiwa haikujiunga na upande wowote na kila upande ukigawa vyakula kwa kipimo, siagi, sukari na chai zilisafiri kwenye mabegi ya shule na chini ya sketi. Ila watu wenyewe hawakuhitaji pasi za kusafiria. Kwa jumla nchi hizo mbili ziliacha raia wao kwenda na kuishi upande wowote, utaratibu ambao haujafutwa mpaka leo.

Bunge la Kaskazini lilitawaliwa na chama kimoja kwa miaka 50 mfululizo, jambo ambalo hesabu ya 1920 ilikuwa imelihakikisha. Katika uchaguzi wa halmashauri, kura ilitegemea kumiliki au kupanga nyumba, kwa hiyo aliyewagawia watu nyumba aligawa pia kura. Derry, mji wenye Wakatoliki wengi, uliendelea kuwa na halmashauri ya Waprotestanti kwa sababu kata zilikatwa kwa ustadi: Wakatoliki walirundikwa katika kata moja kubwa, na kata mbili ndogo zilitosha kuwapa wenzao wingi wa viti. Ulikuwa mchezo ule ule wa kaunti sita, uliochezwa kwenye uwanja mdogo. Mwaka 1968 vuguvugu la haki za raia lilianza kuandamana likidai kura moja kwa kila mtu. Polisi walilipiga kwa virungu huko Derry tarehe 5 Oktoba mbele ya kamera za televisheni. Agosti 1969 jeshi la Uingereza liliingia mitaani. Kwanza Wakatoliki wengi walilipokea vizuri. Tarehe 30 Januari 1972, askari wa miavuli waliwapiga risasi waandamanaji wa Derry. 13 walikufa siku hiyo na mmoja baadaye. Miezi miwili baadaye London iliivunja serikali ya Belfast na kuanza kutawala moja kwa moja.

Katika vita vile vya miaka 30 watu zaidi ya 3,500 waliuawa, wengi wao raia, na kundi lililoua zaidi lilikuwa IRA, jeshi la siri la waliotaka kisiwa kimoja. Mpakani hali ilikuwa ya kipekee. Jeshi la Uingereza lililipua barabara ndogo au kuziziba kwa nguzo za chuma na zege, wenyeji wakazifukia na kuzifungua upya mwishoni mwa wiki. Kusini mwa Armagh askari walisafirishwa kwa helikopta kwa sababu barabara zilitegwa mabomu, na minara ya ulinzi ilisimamishwa juu ya vilima ikitazama hadi ndani ya Jamhuri. Huko Narrow Water, tarehe 27 Agosti 1979, mabomu mawili yaliua askari 18, siku ile ile ambayo Lord Mountbatten, jamaa wa familia ya kifalme ya Uingereza, aliuawa ndani ya mashua yake upande wa Kusini. Waliolipua mabomu ya Narrow Water walikuwa ng'ambo ya pili ya maji, katika nchi nyingine.

Mkataba wa Ijumaa Kuu, uliofikiwa Belfast tarehe 10 Aprili 1998 na kupitishwa kwa asilimia 71 ya kura Kaskazini na asilimia 94 Kusini, haukuuondoa mpaka. Uliipa hesabu kanuni mpya. Ireland Kaskazini itabaki Uingereza mpaka wengi wa wakazi wake waamue vinginevyo, na Jamhuri ikafuta madai yake ya kikatiba juu ya kisiwa kizima. Kila mzaliwa wa Kaskazini ana haki ya kuwa Muingereza, Muairishi au vyote viwili. Serikali ya Belfast lazima iwe ya pande mbili kwa pamoja. Upande mmoja ukijitoa, yote husimama. Forodha zilikuwa zimeshaondoka tarehe 1 Januari 1993 pamoja na soko la pamoja la Ulaya, na kufikia 2007 mnara wa mwisho wa jeshi ulikuwa umebomolewa. Msafiri alijua kuwa amevuka kwa alama za barabarani tu, maili zikigeuka kilomita. Mkataba wenyewe unautaja Umoja wa Ulaya kwa maneno machache, kwa kuwa mwaka 1998 hakuna aliyewaza kwamba nchi moja kati ya hizo mbili ingetoka.

Tarehe 23 Juni 2016 Uingereza ilipiga kura ya kutoka kwa asilimia 51.9. Ireland Kaskazini ilipiga kura ya kubaki kwa asilimia 55.8, lakini katika hesabu ya dola nzima kura zake zilimezwa. Katika kampeni mpaka haukuzungumzwa sana London. Ukweli wa mambo ulikuwa mwepesi kueleza na mgumu kutatua: Uingereza ikiondoka katika soko la pamoja na umoja wa forodha, mahali fulani lazima bidhaa zikaguliwe. Zikikaguliwa mpakani, mkataba wa amani unatikiswa. Zikikaguliwa bandarini kati ya sehemu nyingine za Uingereza na Ireland Kaskazini, Waprotestanti wanaona wametengwa na nchi yao. Njia ya tatu ilikuwa Uingereza nzima kubaki karibu na kanuni za Ulaya.

Waziri mkuu wa Uingereza, Theresa May, alichagua njia hiyo ya tatu kama kinga ya dharura. Tangu uchaguzi wa 2017 serikali yake ilitegemea wabunge kumi wa chama cha DUP, wapenda Muungano wa Ireland Kaskazini, nao waliikataa sawasawa na wabunge wengi wa chama chake. Januari 2019 mkataba wake ulishindwa kwa kura 432 dhidi ya 202. Ukashindwa mara mbili zaidi, naye akaondoka Julai. Mrithi wake, Boris Johnson, alikutana na waziri mkuu wa Ireland, Leo Varadkar, mwezi Oktoba, akachagua njia ya pili. Mpaka wa bidhaa ulihamishiwa baharini. Itifaki ya makubaliano hayo ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2021, na soseji kutoka England zikawa habari ya ukurasa wa kwanza. Viazi vya mbegu kutoka Uskoti vilipigwa marufuku kuingia Ireland Kaskazini, katika kisiwa ambacho historia yake iliwahi kugeuzwa na viazi vilivyooza.

Machi na Aprili 2021 vijana wa mitaa ya Waprotestanti walichoma magari mjini Belfast na kwingineko. Februari 2022 waziri kiongozi wa Ireland Kaskazini, aliyetoka DUP, alijiuzulu na serikali ya pande mbili ikasimama kama kanuni za 1998 zinavyosema. Februari 2023 waziri mkuu wa Uingereza, Rishi Sunak, na rais wa Tume ya Ulaya, Ursula von der Leyen, walitangaza Mwafaka wa Windsor: shehena zinazobaki Ireland Kaskazini hupita njia nyepesi, zinazoelekea Jamhuri hukaguliwa. Viazi vya mbegu viliruhusiwa tena. DUP haikurudi serikalini hadi Februari 2024, na iliporudi ilikuta kiti cha kwanza kina mtu mwingine. Sinn Féin ilikuwa imeshinda uchaguzi wa Mei 2022 kwa viti 27 dhidi ya 25, na Michelle O'Neill akawa waziri kiongozi wa kwanza kutoka upande unaotaka kisiwa kimoja.

Sensa ya 2021 ilikuwa imetoa takwimu ambazo Craig alizihofia. Waliolelewa katika Ukatoliki walikuwa asilimia 45.7 na waliolelewa katika Uprotestanti na Ukristo mwingine asilimia 43.5, mara ya kwanza kwa Wakatoliki kuwa wengi zaidi tangu eneo hilo lianzishwe. Takwimu hizo hazimaanishi kuwa wengi wanataka kuondoka Uingereza. Hakuna upande uliofika nusu. Wapo Wakatoliki wanaopendelea mambo yabaki yalivyo, na wapo wengi, hasa vijana, wasiojihesabu kokote. Sheria ya 1998 inamtaka waziri wa Uingereza anayeshughulikia Ireland Kaskazini aitishe kura ya maoni pale itakapoonekana kwake kuwa wengi watachagua kuungana na Jamhuri, lakini haisemi atalipima hilo kwa kipimo gani. Kura ikishindwa, haitaitishwa nyingine kabla ya miaka saba. Kusini nako watu watapaswa kukubali.

Hesabu ya bidhaa ina ratiba yake yenyewe. Itifaki inataka bunge la Belfast liulizwe kila baada ya muda kama linaridhia kanuni za Ulaya ziendelee. Tarehe 10 Desemba 2024 liliridhia kwa kura 48 dhidi ya 36, bila kura hata moja ya vyama vya wapenda Muungano. Kwa kuwa upande mmoja haukuunga mkono, ridhaa hiyo ni ya miaka minne badala ya minane, na kura nyingine imepangwa kufanyika mwaka 2028.